Jina lako la biashara na kikoa chake: mwongozo kamili wa kutatua migogoro ya majina ya mtandaoni kwa wafanyabiashara wa Arusha na Moshi

Mwenye kampuni ya utalii Arusha, au mchoma kahawa wa Moshi, anayetaka jina lake lilindwe anakutana na madaftari matatu yasiyosomana. La kwanza ni la majina ya biashara na kampuni, la pili ni la alama za biashara na huduma, na yote mawili yako BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. La tatu ni la majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti: yale yanayoishia na .tz yako chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na yale ya kimataifa kama .com yanauzwa na kampuni za usajili zilizotawanyika duniani kote chini ya kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani. Daftari hili la tatu halimuulizi mtu kama ana haki na jina analoliomba. Anayetangulia kulipa ndiye anayelipata. Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa, kwa sababu mtu anaweza kulijenga jina kwa miaka mingi na mwingine akalinunua mtandaoni kwa dakika chache.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao, kwa maoni yangu, mfanyabiashara anapaswa kuufuata kabla hajatumia shilingi yake ya kwanza kwa wakili. Nitakaa zaidi kwenye tarehe, kwa kuwa mashauri mengi ya aina hii huamuliwa na jambo moja: nani alikuwa na nini, tangu lini, na ana karatasi gani ya kulithibitisha. Kwa mfano nitatumia jina la kubuni, Nyumbu Saba, tulichukulie kuwa ni la kampuni ndogo ya safari yenye ofisi Njiro.

Hatua ya kwanza: tenganisha karatasi ulizonazo

Kabla ya kuandika barua yoyote ya madai, zitoe karatasi zako zote na uzipange kwa aina. Cheti cha jina la biashara, kinachotolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, kinathibitisha tu kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Cheti cha kuandikishwa kwa kampuni kinathibitisha kwamba kampuni ipo kisheria. Leseni ya TALA inakuruhusu kuendesha shughuli za utalii. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya pekee ya kulitumia jina hilo kama kitambulisho cha huduma au bidhaa zako sokoni. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326, na hupatikana kwa ombi lake lenyewe, lenye ada yake na cheti chake. Nimewasikia wafanyabiashara wengi wakisema kwa uhakika kabisa kwamba jina lao limesajiliwa, na ukiwaomba cheti wanaonyesha kile cha kampuni. Mbele ya jopo la migogoro ya vikoa, yaani waamuzi wa malalamiko tutakayoyaona hatua ya tano, cheti hicho peke yake hakiwezi kuchukuliwa kuwa ni alama ya biashara.

Kama bado huna alama iliyosajiliwa, anza kuitafuta sasa hata kama mgogoro umeshaanza, ingawa usitarajie kwamba itarudisha muda nyuma. Utaratibu unaanza kwa kuomba upekuzi, ili ujue kama kuna alama inayofanana na yako. Kisha unawasilisha ombi kupitia mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, ukitaja makundi ya bidhaa au huduma kwa mujibu wa mgawanyo wa kimataifa wa Nice. Upangaji wa safari na usafirishaji wa wageni uko kundi la 39, malazi na chakula kundi la 43, kahawa kundi la 30, na vito, ikiwemo tanzanite, kundi la 14. Msajili akiridhika, alama hutangazwa katika jarida rasmi, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Isipopingwa, unapata cheti. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7 kuanzia tarehe ya ombi, na baada ya hapo huhuishwa kila baada ya miaka 10.

Yapo mambo mawili ambayo wenyeji wa ukanda wetu huyasahau. La kwanza ni Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili, kwa hiyo cheti cha BRELA hakivuki bahari. Kampuni inayouza kifurushi cha Serengeti pamoja na siku nne za ufukweni Nungwi inafanya biashara katika maeneo mawili ya kisheria na inapaswa kusajili alama yake kote kuwili.

La pili ni majina ya mahali. Kilimanjaro ni jina la bia, ni jina la maji ya kunywa, na ni jina la hoteli, kampuni na vikundi visivyohesabika. Hakuna mmoja wao anayemiliki jina la mlima. Ukiomba alama yenye neno Kilimanjaro, Meru au Serengeti pamoja na neno linaloeleza kazi yako, kama vile safari au kahawa, tegemea Msajili akukatalie au akutake ukiri kwamba hudai haki ya pekee juu ya maneno hayo. Katika migogoro ya vikoa hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2000 jopo moja la WIPO, yaani Shirika la Miliki Bunifu Duniani, liliamuru kikoa barcelona.com kikabidhiwe kwa halmashauri ya jiji la Barcelona, lakini mwaka 2003 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilimrejeshea ushindi mwenye kikoa, kwa hoja kwamba jina tupu la mahali si alama ya biashara. Anayeichagulia biashara yake jina leo, ninamsihi achague neno lisiloeleza mahali wala kazi. Nyumbu Saba inalindika. Kilimanjaro Trekking Tours ni vigumu mno kuilinda.

Asiye na usajili hajaachwa mikono mitupu. Majopo ya vikoa hukubali haki zisizosajiliwa iwapo mlalamikaji ataonyesha kwamba jina limeshatambulika kwa wateja kama kitambulisho chake: mauzo ya miaka kadhaa, gharama za matangazo, taarifa za magazeti, ushiriki katika maonyesho ya utalii, maoni ya wageni. Maneno ya jumla hayatoshi, na jinsi jina linavyozidi kuwa la kawaida ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa mzito zaidi.

Hatua ya pili: ujue mgogoro wako ni wa aina gani

Watu hudhani adui ni mtu wa mbali anayekusanya vikoa ili aviuze. Wapo wa namna hiyo. Lakini katika miji yetu, anayekishikilia kikoa mara nyingi ni mtu unayemfahamu: fundi aliyekutengenezea tovuti, mshirika mliyeachana vibaya, au mfanyakazi aliyeondoka na kufungua ofisi yake mtaa wa pili.

Suala la fundi linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloumiza wengi na ndilo rahisi kulizuia. Fundi anapewa fedha ya tovuti kwa jumla. Anafungua akaunti kwa msajili wa vikoa, yaani kampuni inayoviuza, kwa barua pepe yake mwenyewe, analipa kwa kadi yake, na katika sehemu ya mwenye kikoa anaandika jina lake. Risiti anayompa mteja ina mstari mmoja tu: tovuti na hosti, yaani huduma ya kuihifadhi tovuti. Miaka mitatu baadaye wanakosana juu ya malipo ya matengenezo, na mwenye biashara anagundua kwamba kwa mujibu wa daftari hana kikoa, na barua pepe zake zote za kazi zinapita mahali asipokuwa na ufunguo. Majopo yameshughulikia mashauri ya namna hii kwa njia mbili. Pale ambapo ni wazi kwamba fundi alisajili kwa niaba ya mteja, kisha akakigeuza kikoa kuwa chombo cha kudai fedha zisizo halali, kikoa hurudishwa. Pale ambapo kuna ubishi wa kweli juu ya mkataba, jopo husema hilo ni suala la mahakama na kulikataa lalamiko. Kwa hiyo mkataba wako na fundi, hata ukiwa ni ujumbe wa WhatsApp unaosema nani atakuwa mwenye kikoa, una thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Migogoro ya washirika walioachana karibu yote ni ya mahakama au ya usuluhishi, kwa sababu kila upande una madai fulani juu ya jina. Usipoteze ada ya lalamiko la kimataifa kwa shauri la namna hiyo.

Kikoa kilichopotea kwa kutolipiwa ni habari nyingine. Kwa .com, msajili anatakiwa kukukumbusha takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya kuisha, na mara moja zaidi ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Baada ya hapo wasajili wengi hutoa muda wa nyongeza, ambao hutofautiana kutoka msajili mmoja hadi mwingine na unaweza kufika siku 45. Kikifutwa, kuna siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi, na siku 5 za mwisho kabla hakijarudi sokoni. Ukiwa bado ndani ya siku hizo, acha kusoma mwongozo huu, mpigie msajili simu na ulipe.

Na kuna utapeli wenyewe, ambapo mtu anasajili kikoa kinachotofautiana na chako kwa herufi moja, mathalani nyumbusabaa badala ya nyumbusaba, kisha anawaandikia wageni wako kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni anatuma malipo ya awali, anashuka uwanja wa ndege wa KIA, na hakuna gari linalomsubiri. Hili ni jinai na halisubiri jopo. Wajulishe wateja wote siku hiyo hiyo, iarifu benki inayotajwa kwenye ujumbe wa kitapeli, toa taarifa polisi kwa kuzingatia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na peleka malalamiko ya matumizi mabaya kwa msajili wa kikoa na kwa kampuni inayokihifadhi. Lalamiko la kutwaa kikoa lije baadaye.

Mwisho, kuna mtu mwenye haki halali ambaye jina lake limelingana na lako kwa bahati tu. Kama mtu wa Kanada anauza viatu kwa jina lako tangu kabla hujaanza biashara, huna mgogoro; una jirani.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi kabla mwenzako hajajua

Ukishamwandikia mtu barua, ukurasa uliokukera unaweza kutoweka usiku huo huo. Ushahidi hutangulia barua.

Anza na taarifa za usajili wa kikoa. Kwa vikoa vya kimataifa, huduma ya zamani ya WHOIS imepisha mfumo wa RDAP, ambao ICANN inautolea ukurasa wa utafutaji bila malipo. Tangu Mei 2018, Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika, jina na anwani ya mwenye kikoa kwa kawaida hufichwa, lakini mistari inayobaki ina maana kubwa. Mstari wa msajili unakueleza barua yako ya kwanza iende wapi. Mstari wa tarehe ya kuundwa unakuonyesha kikoa kilizaliwa lini. Mstari wa mabadiliko ya mwisho na majina ya seva vinaweza kuashiria kwamba kimehama mikono. Hapa panahitaji uangalifu: kama mwenye sasa alikinunua kutoka kwa mtu mwingine, majopo hupima nia yake kwa siku aliyokipata yeye, wala si kwa siku kilipoundwa. Kikoa cha mwaka 2009 kinaweza kuwa kilinunuliwa mwaka jana na mshindani wako. Kumbukumbu za kurasa za zamani zilizohifadhiwa na Internet Archive husaidia kuonyesha ni lini tovuti ilibadilika kutoka ukurasa mtupu hadi kuwa duka la safari zinazofanana na zako.

Piga skrinishoti za kurasa zote, zikionyesha anwani kamili juu na tarehe. Hifadhi kila barua pepe ya mteja aliyechanganyikiwa, pamoja na vichwa vyake vya kiufundi vinavyoonyesha ilikotoka, kwa kuwa barua moja ya mgeni anayeuliza kwa nini bei zenu zimebadilika ina uzito kuliko kurasa kumi za hoja zako. Mtu aliyekusanya ushahidi aandike siku, kifaa alichotumia na namna alivyouhifadhi. Sababu ni kwamba, shauri likifika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuipa uzito, na wakili wako atahitaji mtu wa kuapa hati ya kiapo juu ya hilo.

Hatua ya nne: barua ya kwanza

Barua nzuri ni fupi. Itaje haki yako na namba ya usajili, itaje kikoa, ieleze unachotaka, na itoe muda wa kujibu, mathalani siku 14. Usitishie jinai kama hakuna jinai.

Suala la bei linahitaji busara. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, mtu kukitafuta kikoa hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zake zilizothibitishwa ni dalili ya nia mbaya. Akikutajia dola 8,000 bila wewe kuuliza, umepata ushahidi. Lakini ukianza wewe kwa kusema uko tayari kulipa dola 8,000, ushahidi huo unadhoofika, kwa sababu atasema ni wewe uliyefungua mnada. Mazungumzo ya kusuluhisha yafanyike kwa maandishi na yabebe tamko kwamba hayaathiri haki zako.

Hata hivyo, sioni aibu yoyote katika kulipa. Kama mwenye kikoa anadai dola 300 na shauri litakugharimu dola 1,500 za ada peke yake, fanya hesabu kama mfanyabiashara. Pitisha malipo kwa wakala wa amana anayeshikilia fedha hadi kikoa kihamie kwenye akaunti yako.

Hatua ya tano: lalamiko la kimataifa

Kwa vikoa vya .com, .net, .org, .africa na vingine vya aina hiyo, kila mwenye kikoa amekubali, katika mkataba wake na msajili, kutii Sera ya Pamoja ya Utatuzi wa Migogoro ya Majina ya Vikoa, inayojulikana kwa kifupi kama UDRP. ICANN iliipitisha mwaka 1999, na shauri la kwanza kabisa, lililohusu worldwrestlingfederation.com, lilifunguliwa WIPO mwaka huo huo. WIPO, yenye makao yake Geneva, ndiyo inayotumiwa zaidi na watu wa kwetu. Kila kitu hufanyika kwa barua pepe. Hakuna safari wala kusikilizwa ana kwa ana, isipokuwa kwa nadra sana.

Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu, na akishindwa moja tu, ameshindwa yote.

La kwanza: kikoa kinafanana au kinakaribiana kiasi cha kuchanganya na alama ambayo ana haki nayo. Hili ndilo jepesi. Kuongeza neno safaris au tz mbele au nyuma ya jina hakumwokoi mtu iwapo alama yenyewe bado inaonekana ndani ya kikoa.

La pili: mwenye kikoa hana haki wala maslahi halali juu yake. Mwenye kikoa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba kabla ya kupata taarifa ya mgogoro alikuwa anakitumia au anajiandaa kukitumia kwa biashara ya kweli, au kwamba yeye anajulikana kwa jina hilo, au kwamba anakitumia bila faida na kwa haki, kama vile kwa ukosoaji. Kwa Arusha kuna swali la mawakala: je, wakala anayeuza vyumba vya loji fulani anaweza kuwa na kikoa chenye jina la loji hiyo? Shauri la Oki Data la mwaka 2001 liliweka vipimo ambavyo bado vinatumika. Awe anauza kweli huduma hiyo, tovuti iuze hiyo tu bila kuvuta wateja kuelekea loji nyingine, ieleze wazi kwamba yeye si mwenye loji, na asiwe amevimaliza vikoa vyote vinavyowezekana hadi mwenyewe akakosa pa kuingia. Mawakala wengi huanguka kwenye kipimo cha pili na cha tatu.

La tatu: kikoa kimesajiliwa na kinatumiwa kwa nia mbaya. Neno “na” hapa lina nguvu zote. Lazima yawepo mambo yote mawili. Sera inataja mifano minne: kukipata hasa ili kumuuzia mwenye alama au mshindani wake, kumzuia mwenye alama asikipate, ikiwa mhusika ana mazoea ya kufanya hivyo, kuivuruga biashara ya mshindani, na kuwavuta watumiaji kwa faida kwa kuwafanya wadhani tovuti ni ya mwenye alama. Hata kikoa kilicholala bila tovuti kinaweza kuhesabiwa kuwa kinatumiwa kwa nia mbaya, kama jopo lilivyoamua mwaka 2000 katika shauri la kampuni ya simu ya Telstra, ila hilo hutegemea umaarufu wa alama na kutokuwepo kwa matumizi yoyote halali yanayoweza kufikirika. Alama inayojulikana kuanzia Sakina hadi Usa River tu itapata taabu kuutumia mlango huo.

Na hapa ndipo tarehe zinapohukumu. Kama mlalamikiwa alisajili kikoa mwaka 2015 na wewe ukaanza kulitumia jina mwaka 2018, kwa kawaida hukumu ni kwamba hakuweza kuwa na nia mbaya juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Mashauri yasiyo na matumaini ya aina hii yana hatari zaidi ya kushindwa, kwani jopo linaweza kutamka hadharani kwamba umelitumia lalamiko kumnyang’anya mtu kikoa chake kwa hila, na hukumu hizo huchapishwa zikabaki mtandaoni.

Ada ya WIPO kwa kikoa kimoja hadi vitano ni dola 1,500 kwa mwanajopo mmoja na dola 4,000 kwa wanajopo watatu, na hulipwa na mlalamikaji, isipokuwa mlalamikiwa ndiye aliyetaka watatu. Hapo hugawana nusu kwa nusu. Lalamiko lisizidi maneno 5,000, na litaje mahakama ambayo mlalamikaji anakubali mamlaka yake iwapo uamuzi utapingwa: ama ya mahali alipo msajili, ama ya mahali alipo mwenye kikoa. Lugha ni ile ya mkataba wa usajili, ambayo mara nyingi ni Kiingereza, hivyo risiti na mikataba ya Kiswahili iambatanishwe na tafsiri. Kasoro za kiutaratibu hupewa siku 5 za kurekebishwa. Shauri likishaanza rasmi, mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu na anaweza kuomba 4 za nyongeza. Jopo likiteuliwa lina siku 14 za kuamua, na msajili hutekeleza baada ya siku 10 za kazi ikiwa hakuna aliyekimbilia mahakamani. Kwa jumla, hesabu kama miezi miwili. Utakachopata ni kuhamishiwa kikoa au kufutwa kwake; hakuna fidia wala gharama.

Hatua ya sita: vikoa vya .tz

Kwa .co.tz, .or.tz, .hotel.tz na vingine vya taifa, utaratibu hauko chini ya UDRP moja kwa moja. Daftari la .tz lina sera yake ya kutatua migogoro, na WIPO ni miongoni mwa taasisi zinazopokea malalamiko chini yake. Soma sera inayotumika siku unayofungua shauri, neno kwa neno, kwa sababu vipimo vya nchi mbalimbali hutofautiana na wakili aliyezoea .com anaweza kunakili hoja zisizolingana. Kabla ya hapo, mwandikie msajili aliyeidhinishwa na TCRA aliyeuza kikoa hicho. Yuko nchini, ana ofisi na simu, na mara nyingi anamjua mteja wake. Mazungumzo ya siku mbili na msajili wa Dar es Salaam yanaweza kumaliza jambo ambalo kwa .com lingehitaji Geneva.

Hatua ya saba: mahakamani

Nenda mahakamani unapotaka fidia, zuio la haraka, au unapokuwa na mgogoro wa mkataba na fundi au mshirika. Madai ya kuvunjwa kwa alama iliyosajiliwa husikilizwa na Mahakama Kuu, na Kitengo chake cha Biashara kina masjala Arusha, kwa hiyo si lazima usafiri. Kwa alama isiyosajiliwa inabaki njia ya sheria ya kawaida, yaani kudai kwamba mwenzako anajipitisha kwa wateja kana kwamba yeye ni wewe. Hapo unathibitisha sifa uliyojijengea, udanganyifu kwa wateja, na hasara. Mahakama zetu husikiliza kwa makini maamuzi ya Uingereza katika eneo hili, na uamuzi wa mwaka 1998 wa mahakama ya rufaa ya huko dhidi ya kampuni ya One in a Million, iliyokuwa imesajili vikoa vya kampuni maarufu ili kuviuza, unaendelea kutajwa na mawakili kwa sababu ulikubali kwamba kusajili tu kunaweza kuwa chombo cha ulaghai.

Lalamiko la UDRP halikufungii mlango wa mahakama, na mahakama haikufungii mlango wa UDRP. Ila jopo likiona shauri liko mahakamani linaweza kusimamisha kazi yake, kwa hiyo amua mapema unaanzia wapi.

Ukiwa wewe ndiye uliyelalamikiwa

Hapa nina ombi la dhati: jibu. Wafanyabiashara wengi wadogo hupokea barua pepe kutoka WIPO, hudhani ni utapeli, huifuta, na hupoteza kikoa walichokuwa na haki nacho. Kujibu hakuna ada kama jopo ni la mtu mmoja. Weka mbele ushahidi kwamba ulianza biashara kwa nia njema: risiti ya kikoa, leseni, picha za gari lenye nembo, vipeperushi, ankara za wateja wa mwanzo, vyote vikiwa na tarehe. Usijaribu kukihamisha kikoa kwa mtu mwingine. Kitakuwa kimeshafungwa na msajili, na jaribio lenyewe litahesabiwa dhidi yako.

Baada ya kushinda

Hukumu haikihamishi kikoa yenyewe. Fungua akaunti kwa msajili kwa jina la kampuni, kwa barua pepe isiyotegemea kikoa hicho hicho, ili siku kikikwama usikose hata njia ya kurejesha nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Hamisha rekodi za barua pepe kabla ya tovuti, maana wageni huvumilia tovuti iliyolala siku moja lakini barua ya malipo iliyopotea hairudi. Lipia miaka kadhaa mbele, sajili na tahajia mbili tatu ambazo wateja hukosea, na tarehe ya kuhuisha alama BRELA uiandike pamoja na tarehe ya kikoa katika kalenda inayoonwa na angalau watu wawili wa ofisi.